Mbegu ya Kunguni

Kunguni wa kahawa akipondwa hutoa harufu ambayo sabuni haiiwezi. Sisemi yule wa kitandani, huyo nawaachia wenye vitanda. Nasema wa shambani, mpana kama ngao ndogo, mweusi mwenye madoa meupe na mengine ya rangi ya chungwa mgongoni, mzuri hata ungemvaa sikioni kama asingenuka. Ananuka kama giligilani iliyooza, na ndani ya uozo huo kuna ukali unaopanda puani na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Mimi nimezaa, nimezika, nimekuwa bibi wa watu ambao nao wana watoto, lakini harufu hiyo ikinipitia karibu nakuwa tena mtoto niliyesimama kwenye umande, katika shamba la kahawa upande wa juu wa Karatu, ukungu wa msitu wa Ngorongoro umeshuka mpaka magotini, kopo mkononi, na mbele yangu mwalimu wangu ameketi kwenye kiti. Ndiyo, kiti. Kililetwa shambani kichwani kwa Petro Bayo, mwanafunzi wa darasa letu, na jioni kikarudi kwa kichwa hicho hicho.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu siku hizi kuna maneno yameingia huku kwetu, yamekuja na gari jeupe na yamevaa fulana. Sayansi kwa vitendo. Elimu ya mazingira yetu. Ushirikiano wa shule na jamii. Mjukuu wangu Upendo, wa kidato cha tatu, alinisomea maneno hayo jikoni kwangu Endabash, macho yanamng'aa, akasema, "Bibi, darasa letu limechaguliwa. Tutakuwa tunaenda kwenye shamba la kahawa kujifunza wadudu." Nilikuwa nakoroga uji. Niliuacha ukaungua. Mtoto akadhani uzee umenizidi, akanipokonya mwiko.

Sasa nieleze vizuri, maana vijana wakisikia mzee anasema zamani wanaandaa masikio ya kusikia asali. Kwetu si hapa. Mama yangu, Tabu binti Mkumbo, alitoka Iramba, Singida, mwaka ambao mtama ulikauka kabla ya kubeba, akaja na mimi mgongoni na mzigo kichwani kutafuta kazi kwenye mashamba ya wazungu. Watu wa kwetu, wa Dodoma na wa Mbulu, tulijazana kwenye kambi za wafanyakazi, nyumba za udongo zilizoegemeana kama walevi, Mlutheri hapa, Mwislamu pale, na wengine wenye mizimu yao ambayo haikuwahi kumsumbua mtu. Nilipokuwa mkubwa kidogo, mama alihama shamba moja, akahama la pili, na kila alipofika swali lake lilikuwa moja. Wenzake waliuliza posho ni unga kiasi gani, yeye aliuliza, "Hapa kuna shule?" Walimcheka. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu kuku mgeni anataka kuchagua banda! Alilipata kwa Bwana Filimbi. Hilo si jina la mzungu yule. Alikuwa na jina lake refu la kwao, lakini aliita watu kwa filimbi kama mtu aitavyo mbwa, na sisi tukamlipa kwa kumbandika jina.

Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja, nyuma ya ghala la mbolea. Mwalimu aliitwa Eliakimu, kijana mwenye kaptula iliyopigwa pasi na shingo ndefu ya kutazamia mbali. Nilisoma na Petro Bayo mbeba kiti, Daria Tluway, Marselina Qamara, Yohana Mpinga, Chilewa mtoto wa mpishi, na Hamisi Ntandu aliyekuwa akilala darasani macho wazi. Wote nawakumbuka, na mwandiko wa kila mmoja naukumbuka. Wangu haukuwa mbaya. Nilikuwa darasa la nne, na mwisho wa mwaka tulikuwa na mtihani. Atakayeshinda atakwenda shule ya kati, ya bweni, mbali na filimbi. Mama aliuzungumzia mtihani huo kama watu wengine wanavyouzungumzia ufalme wa mbinguni, ila yeye alikuwa na hakika nao zaidi. Alikuwa akiniweka mlangoni jioni nimsomee maandishi ya karatasi ya sabuni, hayo hayo kila siku, na kila siku akiitikia "ehee" kama nimemletea habari mpya.

Mvua za masika zilipokwisha, kahawa ikiwa bado kijani, kunguni wakaingia. Waliingia kama wageni wa msibani, kwanza wachache wenye adabu, halafu ukoo mzima. Wanafyonza punje, punje inaanguka au inabaki na uozo ndani. Bwana Filimbi alikimbia huku na huko uso umekuwa mwekundu kama udongo wa Karatu. Akina mama waliwekwa kuokota, hawakutosha. Basi asubuhi moja nyapara mkuu, Mzee Chilongani, alikuja shuleni, akaongea na Mwalimu Eliakimu nje, karibu na dirisha, na sisi tukaona tu shingo ile ndefu ikiitika, ikiitika. Mwalimu aliporudi ndani alifuta ubao. Alifuta wote, hata jina la siku. Akatuambia kwamba kuanzia leo tutajifunza kisasa: somo la viumbe halisomwi ukutani, linasomwa shambani, kwa macho na kwa mikono. Mzungu na shule wamekuwa kitu kimoja. Tupige makofi. Tukapiga, wajinga sisi, tukapiga mpaka Hamisi Ntandu akaamka.

Sitasema uongo, siku za kwanza zilikuwa tamu. Mtoto gani anakataa kutoka kwenye chumba kinachonuka mbolea? Tulitandika gunia chini ya mti, mmoja anatikisa tawi, wadudu wanadondoka wakiwa wazito kwa baridi ya asubuhi, tunawakusanya kwenye kopo lenye maji na majivu. Tulijua mayai yao, yamepangwa chini ya jani kama shanga kwenye kitambaa. Tulijua watoto wao wasio na mabawa. Mwalimu hakutufundisha lolote kati ya hayo. Yeye alikaa kwenye kiti na kazi yake ilikuwa kutazama ndani ya kopo. Likijaa, "Vizuri." Lisipojaa, fimbo ya mgravilia, na kwa fimbo hiyo naye alifundisha kwa vitendo, hilo siwezi kumnyima. Sisi tulipewa uji saa nne. Yeye, mwezi haujaisha, alionekana na baiskeli. Baiskeli mpya, ya kengele, na aliipiga kengele hata mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumpisha. Debe tupu haliachi kuvuma.

Halafu kunguni wakaanza kupungua. Mwenye akili angefurahi: wadudu wakiisha, tunarudi ndani, ubao unaandikwa, mtihani unakaribia. Lakini fimbo haikupungua pamoja na kunguni. Kopo lilikuwa lile lile na lilitakiwa lijae vile vile. Tulianza kuchapwa kwa sababu tumefanya kazi vizuri, fikiria! Siku moja, tukiwa tumejificha upande wa korongoni tukipuliza viganja vyetu, Daria Tluway akasema neno ambalo mtoto wa mjini asingeweza kulisema. Daria baba yake alitoka Daa, watu wa jembe hasa, na alizungumza Kiswahili akikivuta kama kamba ya ndama.

"Nyie mnakula mbegu," alisema.

"Mbegu gani?" Yohana Mpinga akamdharau. "Hii ni mbegu? Hii ni mashuzi yenye miguu."

"Kwetu Daa mtu hali mbegu yote hata akifa njaa. Ukila yote, msimu ujao unapanda nini? Tuache ile miti ya chini. Tusiiguse. Wazae. Kopo likipungua tunakuja kuvuna."

Tulimtazama kama mtu aliyefufua wafu. Sote tulikuwa watoto wa wakulima, sote tulikuwa tumeona mahindi ya mbegu yamening'inizwa juu ya moshi na mama zetu wakilala na njaa chini yake. Neno hilo liliingia moja kwa moja kama ufunguo. Tukaiacha miti ya korongoni. Mzee Chilongani hakufika huko kwa sababu nyati walikuwa wakishuka kutoka msituni kunywa maji, na yeye ushujaa wake ulikuwa wa kufokea watoto. Kunguni wakazaa kwa raha. Makopo yakajaa, viganja vikapona, Mwalimu akasema "Vizuri", Bwana Filimbi akashangaa wadudu gani hawa wasiokwisha, akaomba wanafunzi wabaki shambani mpaka wamalizike. Na hawakumalizika. Wangemalizikaje, na sisi ndio wafugaji? Tulilima gereza letu wenyewe, tukalipalilia, tukaliwekea mbegu. Hakuna mtoto hata mmoja kati yetu aliyekaa akafikiri kwamba kunguni wakiendelea, ubao hautaandikwa. Tulifikiri mpaka kwenye fimbo, basi. Na watu wanapenda kuniambia kwamba watoto wa zamani walikuwa na akili ya mazingira.

Mama ndiye aliyegundua. Jioni moja alinipa karatasi ya sabuni, lakini safari hii mpya, ya sabuni nyingine. Nikasoma herufi kubwa. Yale maandishi madogo ya chini nikayazunguka kama mtu anayezunguka nyoka. Mama akauliza wiki hii tumesoma nini. Kunguni. Na wiki iliyopita? Kunguni. Na kabla ya hapo? Nikamrudishia karatasi. Hakunipiga wala hakunifokea. Aliikunja karatasi ile akaiweka kwenye pindo la kanga yake.

Kesho yake aliacha mstari wa kazi, kosa ambalo lingeweza kumfukuzisha, akaja pale tulipokuwa na makopo. Mwalimu Eliakimu alikuwa kwenye kiti, Mzee Chilongani kasimama pembeni. Mama akasalimia vizuri, maana kwetu hata unayekwenda kumvunja unaanza kwa salamu.

"Mwalimu, huyu mwanangu Salome anasoma nini?"

"Sayansi, mama. Sayansi ya mikono. Ninyi hamwezi kuielewa."

"Sawa, mimi ni mjinga. Hiyo sayansi inakwisha lini, arudi kwenye herufi?"

Mwalimu akamwangalia nyapara, wakacheka. "Sayansi haina mwisho, mama."

"Na mtihani?"

"Mtihani utakuja kwa wakati wake. Mtoto wa kike naye, ana haraka ya kwenda wapi?"

Mama akachukua kopo langu mkononi mwangu. Lilikuwa limejaa, si nilikuwa mwanafunzi hodari! Akalimwaga taratibu juu ya viatu vya Mwalimu, maji, majivu na kunguni, kisha akakanyaga kidogo, hapa na pale, ili harufu itoke vizuri. "Kama shule ni kuokota kunguni," alisema, "kunguni nitamwokotesha mwenyewe." Akanishika mkono tukaondoka. Nyuma yetu nilimsikia Yohana Mpinga akicheka, halafu nikasikia fimbo, halafu sikusikia tena kicheko.

Wengi nikiwasimulia hapa hupiga vigelegele. Mama shujaa! Mimi sipigi. Mama alimpiga Mwalimu kwa rungu ambalo lilikuwa mimi. Wiki ile ile niliandikwa kwenye kundi la akina mama, nikapewa debe badala ya kopo, na sikuingia tena chumba kile. Mtihani ulifika kweli. Wenzangu waliingia wakiwa na mikono inayonuka na vichwa vitupu, na hakuna aliyeshinda, hata Marselina Qamara ambaye angeweza kushinda akiwa usingizini. Mwalimu Eliakimu alihamishwa mwaka uliofuata akapelekwa shule kubwa zaidi. Aliondoka na baiskeli. Mama hakuniomba tena nimsomee kitu. Ile karatasi ya sabuni niliikuta baada ya mazishi yake, ndani ya sanduku, maandishi madogo bado yapo. Siku hiyo niliyasoma. Yalisema iwekwe mahali pakavu. Hiyo ndiyo elimu iliyotushinda.

Basi mnaelewa kwa nini uji uliungua. Na siku Upendo aliponiambia kwamba mradi unahitaji mzee mmoja wa kusimulia, nilisema nitakwenda, na sikwenda kwa upendo. Nilikwenda kumchukua mtoto. Nilivaa kanga yangu nzuri na nikaifunga kiunoni kwa nguvu, kama Tabu binti Mkumbo.

Shamba ni lile lile. Mwenye nalo ni mwingine, kambi yetu imebomolewa na mahali pake pana loji, na pale lilipokuwa ghala la mbolea wageni wanakunywa kahawa wakitazama msitu. Kulikuwa na bango refu la picha. Kulikuwa na dada mmoja wa mradi kutoka mjini, Glory, kucha ndefu zilizopakwa rangi ya kunguni hasa. Aliniita "mdau wetu", akanivalisha fulana juu ya gauni langu bila kuniuliza jina, akanipa lanchi boksi kama mtalii. Kisha akawaambia wanafunzi kwamba wazee wetu walijifunza kutoka kwa mazingira, na sasa bibi yetu atatuambia jinsi ilivyokuwa nzuri. Nikawaambia. Niliwaambia kiti, baiskeli, fimbo, debe. Glory alikuwa anatazama simu yake, nilipomaliza akashtuka, "Jamani bibi yetu! Tumpigie makofi ya kilo!" Wakapiga. Nimeishi miaka mingi, lakini kupigiwa makofi kwa kuibiwa shule ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Nikashuka nao shambani. Harufu ilinikuta kabla ya miti. Upendo na wenzake walikuwa na magunia, wanatikisa matawi, wanahesabu wadudu kwenye sahani nyeupe. Safu moja walikuwa wameipogoa matawi ya ndani ili jua liingie, nyingine wameipulizia dawa waliyoichemsha wenyewe kwa majani, na safu ya tatu, ya upande wa korongoni, ilikuwa imejaa kunguni na hakuna aliyeigusa. Upande wa korongoni! Nilicheka mpaka nikashika mti.

"Mmeacha mbegu," nilisema.

"Siyo mbegu, bibi. Tumeiacha makusudi, ya kulinganisha. Bila hiyo tutajuaje kama hizi nyingine tumezisaidia?"

"Na nani anachapwa wadudu wakipungua?"

Walitazamana. Kijana mmoja akasema, "Bibi, wakipungua si ndiyo vizuri?" Alisema kama anamwelewesha mtoto. Nami nikakasirika zaidi.

Mwalimu wao, kijana anaitwa Amsi, alikuwa amepiga magoti kwenye udongo suruali imechafuka. Nilitafuta kiti chake, sikukiona. Hilo halikunilainisha; mwizi mwingine huja bila kiti. Akanisalimia, "Shikamoo, bibi." Nikaitikia, nikamuuliza kile mama alichomuuliza mwenzake. Hii sayansi yako inakwisha lini, warudi kwenye vitabu?

"Leo leo, bibi. Saa nane wana hesabu. Wasipoingia, mwalimu wa hesabu atanila nyama mimi."

Nilimtazama shingo. Ilikuwa fupi. Nilikuwa nimeshika mkono wa Upendo tayari, na Upendo aliutazama mkono ule, akaniambia polepole, "Bibi, ukinichukua sasa hivi nitakosa hesabu." Nikauachia. Sikuuachia kwa imani. Niliuachia kwa sababu kwa kuuvuta ningekuwa namaliza kazi ya Mwalimu Eliakimu kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa msinilazimishe niseme zama hizi ni nzuri. Gari jeupe litakwenda kama lilivyokuja, bango litaliwa na mchwa, na Glory hajui jina langu mpaka leo, wakati mimi jina la aliyebeba kiti zaidi ya miaka sitini iliyopita ninalo. Fulana nyingine waliniletea nyumbani, nimezibia nayo tundu la banda la kuku, na ile ya kwanza ni tambara la sufuria. Nawadharau, na nitawadharau mpaka wanionyeshe mtoto mmoja aliyekwenda shambani akarudi akiwa na zaidi ya harufu.

Lakini jioni ile nilikaa mlangoni kumsubiri Upendo. Alikuja amechoka, viatu vyekundu kwa vumbi. Nikamuuliza baada ya shamba walifanya nini. Akasema hesabu, na aliitwa ubaoni. Watoto husema lolote. Nikamwambia lete mikono. Akacheka, akanipa, akidhani namtazama kucha. Nikaipeleka puani. Kunguni, bila shaka yoyote, ule ukali ule ule unaokaa. Nikanusa tena, polepole, kwenye ncha za vidole vya mkono wa kulia.

Chaki.